Mfugo wa kijani chini ya mparachichi

Mparachichi ukiugua mizizi, dalili hutokea kileleni. Majani ya juu hudumaa na kupauka, huanguka moja moja, mpaka vijiti vitupu vinabaki vimeelekea juu. Mwenye shamba huinua macho, huona umanjano, hudhani mti una njaa, huongeza mbolea. Mara nyingine msimu unaofuata mti huo huzaa kupita kawaida: matunda tele, madogo, mengine yamebabuliwa na jua kwa sababu majani ya kuyakinga hayapo tena. Ni uzazi wa mti unaoaga. Baada ya hapo mavuno hushuka, matawi hukauka moja baada ya jingine, na mwisho shoka huitwa.

Anayetaka kujua kilichotokea hana budi kupiga magoti. Akifukua taratibu chini ya kivuli cha mti mzima, kina cha kiganja tu, atakuta mizizi myembamba yenye rangi ya maziwa imetandaa kama wavu. Chini ya mti mgonjwa mizizi hiyo ni myeusi na hukatika kwa kuguswa, kama utambi ulioungua, au haipo kabisa. Mizizi minene bado ipo, shina bado ni imara, lakini mdomo wa mti umekwisha kuoza. Mbolea inayomwagwa juu haina pa kuingilia.

Ugonjwa huu haukumheshimu hata mama wa ukoo. Maparachichi yote ya Hass duniani yametokana na mti mmoja ulioota kwa mbegu aliyoipanda tarishi wa posta, Rudolph Hass, huko La Habra Heights, California, katika miaka ya 1920. Hass aliuandikishia hataza mwaka 1935. Kila mche wa Hass unaobebeshwa leo Njombe au Murang'a una kikonyo ambacho asili yake, kwa mnyororo mrefu wa visu na vitalu, ni mti huo. Mti wenyewe ulishindana na uozo wa mizizi kwa takriban miaka 10, ukakatwa Septemba 2002.

Kwa hiyo habari hii si ya mbali. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa parachichi nje ya nchi barani Afrika, na sehemu kubwa ya zao hilo inatoka kwa wakulima wadogo wa Murang'a, Kiambu, Meru, Kisii na kwingineko. Upande wa Tanzania, miparachichi imepanda milima ya Njombe, Rungwe, Iringa na Kilimanjaro kwa kasi ambayo wazee waliokuwa wakiwapa nguruwe matunda hayo hawakuitarajia. Mwaka 2022 China ilizifungulia mlango nchi zote mbili. Watu wameng'oa mahindi, wengine kahawa na chai, wakapanda mti unaoanza kulipa baada ya miaka mitatu au minne. Mtu aliyesubiri muda wote huo anastahili kujua kinachoendelea chini ya ardhi.

Muuaji anaitwa Phytophthora cinnamomi. Hapa na tumwite fitoftora. Jina la kwanza lilibuniwa na Mjerumani Anton de Bary mwaka 1876 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwangamiza mimea, alipokuwa akimweleza ndugu wa fitoftora hii, yule aliyeozesha viazi vya Ireland katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1845. Jina la pili linatokana na mdalasini, kwa kuwa aina hii ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1922 kutoka kwenye midalasini ya kisiwa cha Sumatra. Tangu hapo imekutwa ikishambulia karibu aina 5,000 za mimea, kuanzia minanasi hadi misitu ya mikaratusi ya Australia Magharibi. Huko, kwenye njia za watembea porini, kumewekwa vituo vya kusugulia viatu ili mtu asitoke na udongo wenye ugonjwa kwenye soli.

Dukani kwa pembejeo huitwa fangasi. Kwa sura inafanana nazo kweli, nyuzi nyembamba zinazotambaa, lakini wataalamu waliitoa katika ukoo wa kuvu zamani; undugu wake wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini. Mambo mawili yanafuata kutokana na nasaba hiyo, na yote mawili yanamhusu mkulima. La kwanza ni kwamba inaogelea. Udongo ukijaa maji, fitoftora hutoa vijimbegu vyenye mikia miwili, navyo huogelea kufuata kemikali zinazovuja kwenye ncha za mizizi, vikashikamana hapo na kuota kwa kuingia ndani. La pili ni nyumba yake. Kuvu za kweli hujenga ukuta wa seli kwa kitini, mali ileile ya gamba la kaa na la mdudu. Fitoftora hujenga kwa selulosi na jamaa zake, kama ufanyavyo mmea. Na porini hakuna mali yenye walaji wengi kama selulosi: kila kuvu inayoozesha gogo inaishi kwa kuivunja.

Miongoni mwa walaji hao yumo mmoja ambaye karibu kila mkulima amewahi kumwona bila kumpa jina. Ni ule ukungu unaoanza mweupe kama pamba juu ya mti uliooza au gunzi lililoachwa mvuani, kisha katikati yake hugeuka kijani kibichi. Jina lake la kitaalamu, Trichoderma, alipewa na Christiaan Hendrik Persoon mwaka 1794. Tumwite trikoderma. Baadhi ya aina zake hunukia nazi, harufu halisi ya nazi iliyokunwa, kwa sababu zinatoa kemikali yenye manukato kama ya tunda hilo. Kwa kuvu nyingine na kwa jamaa za fitoftora, harufu hiyo tamu ni sehemu ya silaha.

Kwa zaidi ya karne moja baada ya Persoon hakuna aliyejali sana ukungu huo. Halafu mwaka 1932 Richard Weindling, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa michungwa cha Riverside, California, aliandika alichokiona chini ya hadubini. Nyuzi za trikoderma zilikuwa zikijisokota kuzunguka nyuzi za kuvu inayoangusha miche kitaluni, kama mtambaa unavyokaba mti, kisha kuvu iliyokabwa ikaoza na kuliwa. Miaka miwili baadaye alieleza sumu inayotolewa na ukungu huo. Mwaka 1936 yeye na Howard Fawcett walionyesha jambo ambalo lilistahili kusikilizwa zaidi kuliko lilivyosikilizwa: waliongeza uchachu wa udongo wa miche ya michungwa, trikoderma waliomo tayari wakastawi, na miche ikapona.

Kwa maneno mengine, majaribio ya mwanzo ya kutumia kuvu rafiki kwenye mti wa matunda yalifaulu kwa kumtengenezea mazingira aliyekuwepo tayari.

Kisa cha pili kinatoka kituo hichohicho. Miti ya michungwa ya California ilikuwa inakufa kwa amilaria, kuvu ya mizizi inayotoa nyuzi nyeusi mithili ya kamba za viatu. Wakulima walikuwa wakidunga ardhini kimiminika cha kaboni disulfidi kiwe mvuke wa kuiua. Dawa ilifanya kazi, na kila mtu aliridhika kwamba sumu imeua. Donald Bliss hakuridhika. Mwaka 1951 alichapisha majaribio yake: alipotumia kipimo kilekile katika udongo uliochemshwa mpaka hauna uhai, amilaria haikufa. Ilikufa tu palipokuwa na trikoderma. Mvuke ulikuwa umeidhoofisha, na ukungu wa kijani, unaostahimili sumu hiyo kuliko wengine, ukaingia na kummaliza mgonjwa. Miaka yote hiyo sifa ilikuwa inakwenda kwenye pipa la sumu.

Kisa hiki kinastahili kusimuliwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki kwa sababu amilaria ni mwenyeji wa huku. Huishi kwenye visiki vya msitu uliofyekwa, ikisubiri. Anayekata miti ya asili na kupanda chai, kahawa au miparachichi juu ya visiki vyake huiwekea karamu. Katika miaka ya 1930 huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mtaalamu wa magonjwa ya mimea R. Leach alipata dawa ya ajabu kwa urahisi wake: kabla ya kukata mti wa msitu, umenye gamba la shina kuuzunguka, uuache usimame mpaka ukauke. Mti uliomenywa hivyo humaliza akiba yake ya wanga mizizini, na kisiki chake humezwa na kuvu wengine wa kawaida kabla amilaria haijafika. Mashamba ya chai ya Afrika Mashariki yaliichukua mbinu hiyo. Hakuna kilichonunuliwa, kilichohitajika ni panga na subira.

Turudi kwenye parachichi, na twende Queensland, Australia. Kwenye mlima Tamborine kulikuwa na shamba la Guy Ashburner, nalo liliwasumbua wataalamu kwa sababu halikuugua. Fitoftora ilikuwemo udongoni, ilipimwa ikaonekana, mvua za huko ni kubwa, na mashamba ya jirani yalikuwa yanakufa. Miparachichi ya Ashburner ilisimama na majani yake. Siri yake haikufichwa: alikuwa akipanda mazao ya kufunika ardhi kati ya miti, mahindi majira ya joto na jamii ya kunde majira ya baridi, akiyalaza juu ya udongo, akiongeza samadi ya kuku na chokaa ya dolomiti, mwaka hadi mwaka, ili ardhi ibaki kama ilivyokuwa chini ya msitu alioukuta. Patricia Broadbent na Kenneth Baker waliuchunguza udongo huo na mwaka 1974 wakachapisha waliyoyaona. Walipoupitisha kwenye mvuke wa nyuzi 100, uwezo wake wa kuzuia ugonjwa ulitoweka. Kilichokuwa kinailinda mizizi kilikuwa hai.

Waliohusika humo walikuwa wengi, bakteria wakiwa mbele, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi kwa sababu maduka hupenda shujaa mmoja. Lakini kuvu walikuwa na sehemu yao, na California ilikuja kuieleza vizuri. James Downer na John Menge, pamoja na wenzao, walitandaza vipande vya mbao chini ya miparachichi, wakafuatilia kinachotokea tabaka kwa tabaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yanarudi kwenye ile nyumba ya selulosi. Kuvu zinazoozesha matandazo humwaga vimeng'enya vya kuvunja selulosi, na vimeng'enya hivyo havijui tofauti kati ya ukuta wa mti na ukuta wa fitoftora. Hutafuna vyote viwili. Ndani ya matandazo na pale yanapogusana na udongo, fitoftora ilikuwa na maisha mafupi. Chini zaidi ardhini athari ilififia. Ila mparachichi, mti wa misitu ya Mexico na Amerika ya Kati iliyojaa majani makavu, hupeleka mizizi yake ya kulisha juu kabisa, kulekule kwenye matandazo. Unakula mezani pa walinzi wake.

Hapo ndipo mwandishi wa makala haya anapoweka mguu chini. Trikoderma anayeuzwa kwenye pakiti amekuwa akitangazwa kama dawa nyingine ya rafu, unachanganya na maji, unamwagia, unasubiri. Anayemtumia hivyo mara nyingi hukata tamaa, na matokeo ya majaribio mengi ya shambani yanamuunga mkono katika kukata tamaa kwake: kwenye vyungu vya kitaluni ukungu huu hufanya maajabu, shambani leo unafaulu, kesho hauonekani. Sababu ni kwamba kilichomo kwenye pakiti ni mfugo. Mtu wa Rungwe hanunui ng'ombe wa maziwa akamwachia kwenye uwanja mtupu, juani, bila majani wala maji, kisha akashangaa kwa nini hakamwi.

Malisho ya mfugo huu ni mabaki ya mimea. Majani makavu, maganda ya kahawa yaliyooza, mabua, vipande vya matawi yaliyopogolewa, mboji iliyoiva: tabaka la upana wa kiganja au zaidi, kutoka nusu mita mbali na shina mpaka ukingoni mwa kivuli. Kuyasogeza matandazo yakagusa gamba la shina ni kosa, kwa maana unyevu wa hapo hualika kuoza kwa shina lenyewe. Maji yawepo, yasituame. Mizizi ya parachichi hukosa pumzi ikizama siku chache tu, na mizizi inayokosa pumzi huvujisha vile vionjo vinavyoita vijimbegu vinavyoogelea. Ndiyo maana wakulima wa California, Israel na Afrika Kusini wenye udongo mzito hupanda juu ya tuta, na ndiyo maana shimo lililochimbwa kwenye mfinyanzi mgumu, hata likijazwa samadi nzuri namna gani, ni beseni la kumzamisha mche. Katika bonde linalotuama maji hakuna kuvu rafiki atakayesaidia. Hapo pafaa magimbi.

Jua ni adui mkubwa wa mfugo huu. Mwanga mkali huua vijimbegu vya trikoderma kwa muda mfupi, hivyo humwagwa jioni, kwenye ardhi yenye unyevu, na kufunikwa na matandazo saa ileile. Adui wa pili anaweza kuwa mkulima mwenyewe. Dawa za fangasi za jamii ya kabendazimu humaliza trikoderma bila huruma, na anayepulizia leo dawa hiyo na kumwaga ukungu kesho ametupa fedha mara mbili. Kuna dawa ambazo trikoderma hupatana nazo. Fosfonati, ambayo tangu miaka ya 1980 wakulima wa Australia na Afrika Kusini wamekuwa wakiidunga kwenye shina ili iteremke mizizini, huisumbua fitoftora bila kumgusa sana trikoderma, na shamba lililokwisha kuugua vibaya huhitaji vyote viwili. Ukungu haufufui mzizi uliooza. Unalinda ule unaochipuka baada yake. Mtu mwenye mti uliopoteza nusu ya majani asidanganywe na yeyote kuhusu hilo.

Mahali pa ushindi wa kweli ni kitaluni. Mche unapokuwa kwenye kiriba, udongo wake unaenea kwenye viganja viwili, na mfugo anaweza kuumiliki wote kabla adui hajafika. Ukichanganywa kwenye udongo wa kuoteshea, ukungu huu huzingira ncha za mizizi, huchukua nafasi na chakula, na huingia kidogo kwenye ngozi ya nje ya mzizi, kiasi cha kuuamsha mmea ujiandae kwa vita bila kuudhuru. Kisha mche huenda shambani ukiwa na ulinzi wake. Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachouma. Miche mingi inayouzwa kandokando ya barabara imejazwa udongo uliochotwa popote, ikamwagiliwa maji ya kijito kinachopita chini ya mashamba yenye ugonjwa, ikapangwa chini kwenye tope. Mkulima hulipia mche, hupewa na fitoftora humohumo kwenye kiriba. Mwenye kitalu anayechemsha au kuanika udongo wake chini ya nailoni wiki kadhaa juani, anayenyanyua viriba juu ya kichanja au kokoto, na anayejua maji yake yanatoka wapi, anastahili kulipwa zaidi ya jirani yake. Wanunuzi wangeuliza maswali hayo matatu kabla ya kuuliza bei, vitalu vingebadilika ndani ya misimu miwili.

Bidhaa zenyewe zipo na nyingine hutengenezwa hapahapa. Dudutech ya Naivasha na Real IPM ya Thika, kampuni zilizokulia kwenye maua na mboga za kuuza Ulaya, huzalisha trikoderma nchini Kenya. Bidhaa ya namna hii hupaswa kusajiliwa, Kenya na bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB, Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kwenye kibandiko pana mambo ya kusoma kabla ya kulipa: namba ya usajili, jina la aina ya trikoderma, idadi ya vijimbegu kwa gramu na tarehe ya mwisho. Muhimu kuliko yote ni rafu yenyewe. Pakiti iliyoning'inia miezi minne juu ya mlango wa duka, kwenye bati linalochemka, ni unga tu.

Wengine huuliza kama ni salama kumwaga kuvu ardhini kwa makusudi. Eneo hili la dunia limekwisha kufanya hivyo, tena kwa upana. Mwaka 2009 nzige wekundu walipoongezeka katika tambarare za Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi, ndege zilinyunyizia hekta zipatazo 10,000 kuvu inayoua nzige, na tembo, viboko na samaki wa maeneo hayo hawakumwagiwa sumu. Kituo cha ICIPE cha Nairobi kimeleta kuvu nyingine inayomvizia nzi wa matunda anapokuwa buu kwenye udongo wa chini ya mwembe. Na katika mahindi na karanga kuna Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya na Tanzania: punje za mtama zilizopakwa kuvu isiyo na sumu humwagwa shambani kabla ya mahindi kuchanua, ili imnyang'anye nafasi ndugu yake anayetengeneza sumukuvu. Aliyesikia habari za Ukambani mwaka 2004, ambako watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, hatauita mchezo huo wa kuvu dhidi ya kuvu jambo dogo.

Sumukuvu hiyohiyo ndiyo inayotia wasiwasi katika jambo jingine. Katika nchi kadhaa za Asia na Amerika ya Kati, vikundi vya wakulima huzalisha trikoderma wenyewe juu ya mchele uliochemshwa nusu na kupoozwa kwenye mifuko safi, na gharama hushuka sana. Jambo hilo linawezekana huku, na vikundi vya ushirika vingefaa kulijaribu vikiwa na mtaalamu wa maabara pembeni, pamoja na mbegu mama inayojulikana ilikotoka. Mtu mmoja jikoni ni habari nyingine. Ukungu wa kijani juu ya nafaka chepechepe unaweza kuwa trikoderma, na unaweza kuwa ule mwingine wa sumukuvu. Kwa macho hazitofautiki kwa uhakika, na unga wake huingia puani. Sufuria ya kazi hiyo isirudi kupikia chakula, na mdomo na pua vifunikwe.

Kuna jirani mmoja pia wa kufikiriwa. Anayelima uyoga wa mamama kwenye banda la nyasi anamjua trikoderma kama balaa: ndiye ule ukungu wa kijani unaomeza mifuko yake ya pumba na mabua usiku kucha. Uyoga nao ni kuvu, na mfugo huyu hachagui. Kumwagia miparachichi iliyo hatua kumi kutoka kwenye banda la uyoga, siku ya upepo, ni ugomvi wa ujirani ambao mazungumzo ya mapema yangeuzuia.

Kwa shamba lililokwisha kuingiliwa, kazi huanzia bondeni, kwenye miti ya chini kabisa ambako maji hufika mwisho. Huchimbwa mfereji wa juu kuzuia maji ya jirani. Miti iliyokufa hung'olewa na mizizi yake. Jembe na viatu husuguliwa kabla ya kupanda upande wa juu, kwa kuwa vijimbegu vya kudumu vya fitoftora hukaa ndani ya donge la udongo miaka mingi vikisubiri maji. Miti iliyobaki hupunguzwa matawi ili mizizi michache isibebe majani mengi, hutandazwa, hupewa ukungu jioni mwanzoni mwa mvua za vuli na tena mwanzoni mwa masika, wakati mizizi mipya inachipuka. Mwenye uwezo huongeza jasi, ile ya Kilwa au Itigi, kwa kuwa kalisi yake huipunguzia fitoftora nguvu ya kutengeneza vijimbegu vinavyoogelea.

Kisha husubiriwa, na majani ya kileleni ndiyo yatakayochelewa kuleta habari. Zinapatikana mapema zaidi chini. Baada ya miezi mitatu hivi, mwenye shamba hurudi kupiga magoti palepale, hunyanyua matandazo kwa mkono, polepole, kama anayefunua yai la kuku anayelalia. Majani ya chini yamegeuka meusi na kushikana kwa nyuzi nyeupe. Hapa na pale pana unga wa kijani, na pua ikikaribia, harufu ya msitu. Katikati ya nyuzi hizo, juu ya udongo na si ndani yake, mzizi mwembamba wa rangi ya maziwa umepanda kutoka chini na kupenya jani lililooza.

Huufunika tena upesi, kabla jua halijaufikia.